Bata bukini wangu bawa limegeukia nje: nimchinje au nimfuge hivyo hivyo?

Wa_Bugembe
Wakuu, salaam. Nipo Bugembe, Jinja. Sina shamba, nina ua tu nyuma ya nyumba. Mwezi wa tatu nilinunua vifaranga watano wa bata bukini kwa mzee mmoja upande wa Kamuli, nikaja nao kwenye boksi la sabuni ndani ya taksi. Wanne wamekua vizuri. Wa tano, ambaye binti yangu kampa jina Rubani, alipofika wiki ya saba bawa la kushoto likaanza kuning'inia, na wiki iliyofuata likapinduka kabisa. Wenzake wakikunja mabawa yanalala mgongoni. La kwake ncha inatazama nje, kama mtu aliyebana mwavuli kwapani.

Sasa ana miezi minne. Anakula, anapiga kelele kuliko wote, na boda akisimama getini yeye ndiye wa kwanza kumkimbilia. Majirani wanasema kilema bomani si kitu kizuri, nimchinje kabla hajakonda. Binti anasema akichinjwa, nyama ya nyumba hii haigusi tena mpaka aolewe.

Naomba kujua: ni ugonjwa gani, anaumia, na mimi nilikosea wapi? Picha zinagoma kupanda, nitajaribu usiku bando likirudi.

Kijana_Busia
Rubani mwenye bawa bovu. Huyo binti mpelekeni kwenye magazeti 😂

Shibe_Tu
Miezi minne ndiyo nyama laini hiyo. Mimi nakuja na matoke, wewe andaa sufuria.

Mfugaji_Mukono
Kabla ya yote tuambie unawalisha nini. Nina hakika asilimia kubwa jibu liko kwenye sahani.

Wa_Bugembe
@Mfugaji_Mukono posho (ugali wa mahindi) iliyobaki, chapati za jana kutoka kwa kijana wa rolex, zile chapati za mayai, hapo stendi, na chakula cha kuku wa mayai kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Dodo, yaani mchicha, kidogo nikikumbuka. Rubani ni mlafi, wenzake wakishiba yeye anafuta chombo.

Mfugaji_Mukono
Umejijibu mwenyewe mkuu. Bata bukini ni mnyama wa nyasi, yaani mfikirie kama mbuzi mwenye manyoya. Ukimjaza wanga na chakula kikali, mwili unakua haraka kuliko kiungo cha bawa. Manyoya ya kurukia yanatoka mazito, kiungo kinashindwa kubeba, bawa linaanguka. Na chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi, kifaranga hapaswi kukiona kabisa. Figo zinaungua.

Mbishi_wa_Naguru
Sawa, lakini mwenye bata kasema wapo watano na wote wamekula chombo kimoja. Kama ni chapati, mbona wanne wako sawa?

Mfugaji_Mukono
Kasema huyo ni mlafi. Soma.

Mbishi_wa_Naguru
Nimesoma. Mlafi si ushahidi. Mimi nyumbani mlafi ni kaka yangu na mikono yake iko sawa 😂

Mzee_Masaka
Hii ni damu. Huyo mzee wa Kamuli ukimuuliza, nakuapia ana dume mmoja tangu enzi hizo, anapanda mama, anapanda binti, anapanda mjukuu. Sisi huku tulikuwa na ukoo wa bata wa hivyo, kila uzao anatoka mmoja ambaye bawa limegeuka, na ni la kushoto tu kama wamekubaliana. Tulipobadilisha dume likaisha.

Mama_Pacha_Mbale
Mimi nasema alishikwa vibaya. Watoto wanambeba kifaranga kwa bawa kama kikapu. Au lile boksi la sabuni ndani ya taksi, kondakta kaweka mguu juu.

Wa_Bugembe
Boksi nililipakata mwenyewe toka Kamuli mpaka Jinja. Kondakta alitaka kunitoza nauli ya watu wawili.

Hajat_wa_Bombo
Mwanangu, usimchinje. Nasema kama mama. Mimi hapa Bombo nina bata jike anaitwa Kisigino, hana mguu mmoja kuanzia kifundoni. Uzi wa nailoni ulimkaza usiku akiwa mdogo, asubuhi tumekuta mguu umekuwa mweusi. Huu ni mwaka wa tisa anaruka ruka tu uani. Bata bukini akitunzwa anapita miaka 20, kwa hiyo ukiamua kumfuga ujue umeoa.

Nitakueleza ninavyofanya, kwa sababu mwenye kilema halishwi tu, anapangiwa.

Asubuhi namfungulia yeye kwanza, kabla ya wenzake. Anahesabu hatua zake mpaka kwenye karai, anakunywa, ndipo natoa wengine. Ukiwafungulia wote pamoja wanamkanyaga mlangoni, tena kwa makusudi, bata wana dharau. Chakula naweka sehemu mbili, mbali mbali, ili mbabe akilinda hiki yeye awe kile. Karai liwe na kina cha kuzamisha kichwa chote, maana asipoosha macho na pua yanaziba. Chini natandika maganda ya kahawa makavu. Yakilowa nayatoa siku hiyo hiyo, kwa sababu mwenye mguu mmoja, ule mzima ndio unaobeba kila kitu, ukipata kidonda cha nyayo umekwisha.

Kwa wako ni bawa, basi kazi ni ndogo. Angalia ncha isiburuze matopeni. Ikiburuza, kata yale manyoya marefu yaliyokauka, lakini likiwa bado na damu ndani ya mrija usiguse. Na usimtenge peke yake kwa huruma. Bata akitengwa anakufa kwa upweke kabla ya kilema.

Kijana_Busia
"Ukiamua kumfuga ujue umeoa" 😂😂 Hajat umeua.

Tabibu_Mwaka_wa_4
Nasoma udaktari wa mifugo Makerere, bado sijamaliza kwa hiyo msinitukane. Nirekebishe machache.

Si mfupa uliovunjika, na si ugonjwa wa kuambukiza. Ni kiungo kile ambacho kwa binadamu kingekuwa kifundo cha mkono. Kimezunguka kikaelekea nje. Manyoya ya kurukia yanapochipuka yamejaa damu, ni mazito, na kiungo bado ni laini. Mpaka hapo @Mfugaji_Mukono yuko sawa. Wazungu wanaliita bawa la malaika, wao wana majina mazuri kwa kila tatizo.

Ila KWA NINI kilegee ndipo wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaosema nishati na protini nyingi kupita kiasi. Wapo wanaosema upungufu wa madini ya manganizi au vitamini D na E. Wapo wanaosema urithi, na ni kweli alivyosema @Mzee_Masaka kwamba la kushoto ndilo linaloonekana zaidi. Hata joto kali wakati wa kukua limetajwa. Inawezekana ni mchanganyiko.

Kuhusu tiba: akiwa wa wiki 6 au 7, bawa linakunjwa mahali pake, linafungwa kwa bandeji ile inayojishika yenyewe, siku 3 hadi 5, unafungua, unamwacha anyooshe, unaangalia. Mara nyingi linarudi. Funga bawa lenyewe, usizungushe kifua chote na kukaza. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi, anapumua kwa kifua kupanda na kushuka, ukikibana umemnyonga. Kwa miezi minne mifupa imeshakomaa, bandeji itamsumbua tu. Maumivu kwa kawaida hana, labda ncha ikijeruhiwa. Bata bukini wa kufugwa hata akiwa mzima haruki kwenda mbali, kwa hiyo Rubani hajapoteza kazi.

Wa_Bugembe
Asante daktari. Kwa hiyo wiki ile bawa liliponing'inia ndiyo ilikuwa nafasi, na mimi nilidhani kachoka.

Hajat_wa_Bombo
Usijilaumu. Nani anajua bila kuambiwa.

Mkate_na_Chai
Daktari, hii ya mkate mimi nimesikia Uingereza wanaweka hadi vibao kwenye bustani: msiwape ndege mkate, mtawapinda mabawa. Sasa huyu kawapa chapati, si ndiyo yale yale?

Tabibu_Mwaka_wa_4
Na huko huko Uingereza walibishana. Mwaka 2018 Profesa Christopher Perrins wa Oxford, ambaye amefanya kazi na batamaji, wale weupe wenye shingo ndefu, miaka mingi, alisema hakuna ushahidi kwamba mkate ndio unaoleta bawa hilo. Watu walipoacha kuwatupia mkate, batamaji wengine walikonda. Kwa hiyo mkate una mashtaka, hauna hukumu.

Lakini mkate, chapati na posho havimkuzi bata. Bata bukini wiki 3 za mwanzo anahitaji protini kama asilimia 20 hivi, baadaye inashuka hadi 15 na nyasi nyingi. Chapati ni ngano na mafuta.

Mama_Pacha_Mbale
Hapo kwenye posho daktari utanisaidia. Mwaka jana nilikuwa na vifaranga wawili wa kula posho, miguu ikapasuka huku na huku kama mkasi, wanatambaa kwa kifua. Nikawafunga miguu kwa kipande cha leso, mmoja kwa mwingine, nafasi kama ya vidole viwili. Mmoja akasimama siku ya nne. Wa pili akasimama lakini akabaki na magoti ya upinde. Nilikuwa nawaweka juu ya kaveera (mfuko wa plastiki) ili sakafu isichafuke.

Tabibu_Mwaka_wa_4
Kaveera inateleza, ndiyo iliyowapasua. Kifaranga anahitaji kitu cha kushika kwa kucha. Wa magoti ya upinde nadhani ni kitu kingine: vitamini ya naiasini, ile B3. Bata wanahitaji karibu mara mbili ya kifaranga wa kuku, na mahindi yana naiasini iliyofungwa ambayo mwili hauwezi kuitoa. Ndiyo maana watu wanaoishi kwa mahindi matupu hupata ugonjwa wa pelagra. Posho pekee kwa bata ni njia ya kumpinda miguu. Dawa rahisi ni hamira ya pombe au dagaa waliosagwa.

Ajono_Soroti
HAMIRA YA POMBE! Nilisema siku zote watu wakanicheka. Sisi huku machicha ya malwa, pombe yetu ya ulezi, tukishamaliza kunywa tunawamwagia bata, na sijawahi kuona bata wa Teso mwenye magoti ya upinde.

Hajat_wa_Bombo
Astaghafirullah. Pombe kwa kifaranga.

Ajono_Soroti
Hajat, si pombe, ni ulezi uliotumika. Pombe tumeshaichukua sisi.

Kijana_Busia
Miguu imenyooka lakini kichwa ndio kimepinda 😂

Tabibu_Mwaka_wa_4
Machicha mabichi bado yana kilevi kidogo, na yakikaa yanaota ukungu ambao ni sumu kwa bata. Sijasema uwape malwa. NARUDIA, sijasema.

Ajono_Soroti
Umeshasema.

Bukoba_Kwetu
Naingia kwa hodi kutoka ng'ambo ya Mtukula. Ndugu zetu wa Uganda, leo mnaandika Kiswahili hadi raha, nani anawafundisha? Swali langu ni dogo: mnajua kwa nini anaitwa bata bukini? Bukini ni jina la zamani la Madagaska.

Mbishi_wa_Naguru
Kwa hiyo Rubani ni Mmalagasi, na ana matatizo ya hati za kusafiria.

Bukoba_Kwetu
😂 Jina limetoka huko, bata mwenyewe sijui.

Tabibu_Mwaka_wa_4
Bata bukini wa kufugwa wana asili mbili: wa kijivu wa Ulaya, na yule wa Asia mwenye kinundu juu ya mdomo. Hata yule anayeuzwa kwa jina la "bata wa Afrika" asili yake ni huyo wa Asia. @Wa_Bugembe Rubani ana kinundu?

Wa_Bugembe
Anacho, kinaanza kutokeza. Rangi ya kahawia, mstari mweusi shingoni kwa nyuma.

Tabibu_Mwaka_wa_4
Basi ni Mchina.

Kijana_Busia
Mmalagasi, Mchina, Msoga wa Kamuli. Huyo ndege ana pasipoti tatu na bawa moja.

Shibe_Tu
Mnaongea vitu vya vitabu. Faida ya bata bukini ni moja, harufu ya mavi yake inafukuza nyoka. Kwa hiyo naunga mkono asichinjwe, ila kwa sababu hiyo tu.

Mfugaji_Mukono
Hiyo ya mavi ni hadithi. Mimi nilimkuta nyoka ndani ya banda la bata bukini, amelala kwenye viota, kashiba mayai. Walichofanya bata ni kupiga kelele nikaamka. Anayefukuza nyoka ni wewe na fimbo yako.

Shibe_Tu
Huyo nyoka alikuwa na mafua.

Kasese_Chumvi
Jamani na mimi nina wa kilema. Nilimwokota karibu na mfereji wa Kazinga, wale wa kahawia wenye doa jeusi kama miwani. Bawa limeshuka. Niko naye wiki mbili, nimemchanganya na kuku. Nifunge bandeji?

Mfugaji_Mukono
Mkuu huyo ni wa porini. Ni bata wa Misri, si wa kwako.

Tabibu_Mwaka_wa_4
@Kasese_Chumvi kwanza mtoe kwenye kuku leo. Pili, si bukini wa kweli, ndugu zake ni aina nyingine ya bata. Bawa la mkubwa wa porini likishuka, mara nyingi amevunjika au amepigwa, si hili tunalojadili. Tatu, umemtoa eneo la hifadhi ya Queen Elizabeth, na mnyamapori kumfuga bila kibali ni kosa. Wapigie UWA, mamlaka ya wanyamapori, hapo Kasese. Wanyama wa porini waliojeruhiwa wanapelekwa hata kituo cha wanyama cha UWEC Entebbe.

Mvuvi_Kigungu
Na msichukulie mchezo kuchanganya wa porini na wa nyumbani. Januari 2017 huku kwetu Entebbe ndege walianza kufa pale ghuba ya Lutembe, weupe weupe wale wanaokuja kwa misimu. Ikathibitishwa ni mafua ya ndege, H5N8, na Masaka wakapata kwa bata na kuku wa majumbani. Soko la kuku lilikauka.

Mzee_Masaka
Nakumbuka. Kuku hakuna aliyetaka hata bure. Tulikula mayai sisi wenyewe mpaka watoto wakagoma.

Kasese_Chumvi
Sawa nimeelewa. Nimemtoa kwenye kuku. Kesho naenda ofisini kwao, naogopa tu wasinifunge mimi badala ya bawa.

Jirani_Mwema
Samahani nirudishe mada. Majirani wa @Wa_Bugembe wanasema kilema ni mkosi. Kwetu ilikuwa kuku wa manyoya yaliyopinda, wakimwona wanasema huyu ni wa mganga. Mtu alikuja kumuulizia mama yangu kwa bei mara tatu ya kawaida. Mama alikataa, akasema kama ana nguvu hizo acha afanyie kazi hapa hapa.

Wa_Bugembe
Mama yako ni mtu wa maana. Uamuzi wangu: Rubani anabaki. Posho nimepunguza, asubuhi natoka nao kwenye nyasi za barabarani kabla boda hawajaanza. Naonekana kama kichaa.

Shibe_Tu
Basi mwenzenu nimebaki na matoke.

*(Miezi minane baadaye)*

Wa_Bugembe
Wakuu, nafufua uzi. Rubani ni mzima, bawa bado mwavuli. Ila kuna jambo. Tangu juzi alikuwa anabeba majani makavu anapeleka nyuma ya tangi la maji, nikadhani anacheza. Leo asubuhi nimekuta mayai matatu makubwa kama ngumi yangu. Rubani ni jike.

Kijana_Busia
HAHAHA mwaka mzima mnamwita Rubani! Binti anasemaje?

Wa_Bugembe
Anasema kwani marubani wote ni wanaume? Sikuwa na jibu.

Hajat_wa_Bombo
Mashallah! Mwache alalie mwenyewe. Siku 30, usimsumbue.

Mbishi_wa_Naguru
Subirini! Hii ndiyo nafasi ya kumaliza ubishi. Wakitoka vifaranga wenye bawa la nje, ni damu, Mzee wa Masaka kashinda. Wakitoka wazima wakala nyasi, ni chapati.

Tabibu_Mwaka_wa_4
Haimalizi. Hata kama ni urithi, watoto wanaweza kuubeba bila kuuonyesha. Na vifaranga wachache hivyo si hesabu. Lakini nataka kuona.

Mzee_Masaka
Mimi nasema asilalie. Unazalisha kilema kwa kusudi. Halafu jibu swali moja mkuu: dume ni nani?

Wa_Bugembe
Ni mmoja wa wale wanne.

Mzee_Masaka
Yaani kaka yake.

Wa_Bugembe
...ndiyo.

Mzee_Masaka
Wewe na huyo mzee wa Kamuli mmesoma shule moja! Hivi mwaka mzima nilikuwa naandikia nani hapa?

Kijana_Busia
😂😂😂 nimelala chini

Mfugaji_Mukono
Hayo matatu weka kwenye kikaangio, tafuta dume wa ukoo mwingine. Mimi ninaye hapa Mukono, mkubwa, mabawa yote mawili yako mahali pake. Nakuazima.

Hajat_wa_Bombo
Rubani ameshachagua mahali, ameshatandika. Mkimwondolea mayai atawachukia.

Wa_Bugembe
Yamekuwa manne tangu nilipoandika. Na amelala juu yake, ananizomea nikikaribia tangi, lile bawa bovu amelitandaza nje kama kivuli. Sijui mnanishauri nini sasa, maana kuyachukua kuna mtu lazima aende, na binti kashasema si yeye.

Shibe_Tu
Mayai manne. Nauliza tu kwa upole, matoke nilete?